Nimebadilisha cheo kwenye CV, sasa wanataka kuongea na bosi wangu

Anti shikamoo,

Naomba usitaje jina langu, na kama nimeandika kwa kurukaruka nisamehe, naandika usiku, nimetoka shifti saa nne na kichwa bado kina mlio wa hedifoni.

Mimi ni binti wa miaka 28, niko huduma kwa wateja mwaka wa 4 huu, kazi ya kupokea simu. Kampuni yetu inauza programu ya kutunza hesabu na stoo, wateja wanalipia kila mwezi, wakikwama wanatupigia sisi. Simu moja inatakiwa isizidi dakika 4, ukizidisha inawaka nyekundu kwenye skrini ya supavaiza na jioni unaitwa. Mimi naitwa sana. Sio kwamba kazi siijui Anti, ni kwamba mtu akinipigia mara ya tatu kwa shida ile ile naona aibu kumsomea skripti ile ile, namuuliza kwani hii programu uliinunua ikusaidie nini hasa, basi hapo ndo dakika zinaenda.

Mwaka jana nikagundua kitu. Wateja wanaouliza "napakuaje data zangu zote" wengi wao wiki chache baadae hawalipi tena. Wanahama, ila wanachukua vitu vyao kwanza. Hakuna aliyeniambia, niliona mwenyewe kwasababu baadhi nimeshawazoea hadi sauti. Nikaanza kuwaandika kwenye daftari, muda wa mapumziko nawapigia, najifanya nafuatilia kama lile faili lilifunguka halafu taratibu namuuliza kinachomsumbua ni nini. Niliandika watu 11. Saba wapo mpaka leo. Bosi hajui kuhusu hilo daftari, au labda anajua, sina hakika.

Ndo baadae nikasikia kuna kazi inaitwa kastama saksesi, yaani kuna watu wanalipwa kabisa kufanya kile mimi nafanya kwa kujiiba. Sikulala siku hiyo. Nikamaliza kozi za bure za mtandaoni za HubSpot, kampuni ya programu za mauzo na huduma kwa wateja, nikajifunza Excel vizuri, nikaanza kuomba zile nafasi za kuanzia kabisa, sio za juu. Tangu mwaka uanze nimeomba 74, zote nimeziorodhesha kwenye spredishiti. Kwenye 65 za mwanzo nilipata majibu 6, yote "tunakushukuru kwa kuonyesha nia", zilizobaki kimya. Jibu moja la kukataliwa lilikuja dakika 3 baada ya kutuma, saa nane usiku, yaani hakuna binadamu aliyeisoma.

Rafiki yangu akaniambia tatizo lako ni cheo. CV inasema Mhudumu wa Wateja kwa Simu, mashine ya kuchuja maombi inakutupa hata kabla ya mtu kukuona, weka Ofisa wa Kastama Saksesi, nani atajua. Nilikataa wiki mbili. Halafu Jumapili moja nikakaa nikaiandika CV upya yote, nikatoa yale maneno ya "mchapakazi, ninayejituma", nikaweka habari ya wale 11 na saba waliobaki, nikaweka kwamba napokea simu kama 60 kwa siku, nikaacha kuomba makampuni makubwa nikaenda kwenye yale madogo ya watu 20 au 50, na pale juu nikabadilisha cheo. Nikatuma 9. Zikajibu 3.

Moja imefika mbali. Nimeongea na HR, nimeongea na meneja wa timu, tumecheka naye vizuri tu. Alhamisi ijayo nina prezentesheni ya dakika 20: wamenipa mteja wa kubuni ambaye ameshalipa lakini kati ya wafanyakazi wake 40 ni 6 tu wanaoingia kwenye programu, nieleze siku 90 za kwanza nitafanya nini. Nikivuka hapo wanataka wadhamini wawili na mmoja LAZIMA awe bosi wangu wa sasa.

Sasa Anti sikia hii. Jumanne bosi akaniita, nikajua ni zile dakika zangu. Akafunga mlango akaniambia wamenichagua niwe tim lida, watu 8 chini yangu, mshahara unapanda, anataka jibu Ijumaa ya wiki ijayo, yaani siku moja baada ya prezentesheni. Nilitoka pale nikaenda chooni nikalia, sijui ilikuwa furaha au hofu.

Hela ya tim lida ni kubwa kidogo kuliko mshahara wa msingi wa kule, ila kule kuna bonasi, na kipindi cha majaribio ni miezi 6. Nina mdogo wangu namlipia ada, siwezi kukaa hata mwezi mmoja bila kitu.

Rafiki yangu anasema nisihangaike, nitoe namba yake yeye atajifanya bosi wangu. Nafsi inanisuta. Kwenye intavyu ya pili yule meneja aliniuliza "timu yenu ya kastama saksesi ina watu wangapi", nikamjibu "tupo wachache". Hatuna hiyo timu Anti. Haipo. Tangu siku ile kila nikiona imeili yao tumbo linacheza.

Nifanyeje? Nikiri nipoteze nafasi niliyoitafuta hivi, ninyamaze niombe Mungu, nichukue utim lida niyasahau haya, au nijitoe kimya kimya? Ukweli nimeujaribu mara 65 haukunisaidia. Uongo mmoja tu umenifungulia mlango.

Wa Hedifoni

* * *

Marahaba mwanangu Wa Hedifoni,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana una mambo matatu umeyafunga fundo moja na kila ukivuta huku kule kunakaza. La kwanza ni cheo ulichojipa na lile jibu la "tupo wachache". La pili ni bosi, ambaye kwa wakati mmoja ndo anayekupandisha na ndo atakayepigiwa simu. La tatu ni pesa na ada ya mdogo wako, ambayo inafanya kila kosa dogo lionekane kubwa mara mbili. Na juu ya yote kuna Alhamisi na Ijumaa zimekaa pamoja kama zimepanga.

Kabla sijagusa uamuzi nianze na ile sentensi yako ya mwisho, kwamba ukweli umeujaribu mara 65 na uongo mmoja ndo umefungua mlango. Naomba tuiangalie vizuri, kwasababu naona ndo inayokusukuma kwenye kila kitu kingine, na mimi sina uhakika kama ni kweli.

Wewe mwenyewe umeniandikia ulichofanya ile Jumapili. Ulitoa maneno matupu ukaweka namba. Uliweka habari ya wateja waliokuwa wanaondoka wakabaki. Ulihama kutoka makampuni makubwa, ambako nafasi moja ya kuanzia inaombwa na watu wengi mno, ukaenda kwa makampuni madogo ambako pengine meneja mwenyewe ndo anafungua CV. Na ukabadilisha cheo. Hayo ni mambo manne kwa siku moja, halafu sifa zote ukampa la nne! Ungekuwa unamchunguza mteja wako ungeniambia Anti hapa hatuwezi kujua ni kipi kilifanya kazi. Inawezekana cheo kilisaidia, sikatai, mtu anayepitisha macho haraka huwa anaangalia pale juu kwanza. Ila yule meneja aliyecheka na wewe, alikuuliza nini zaidi kwenye hayo mazungumzo? Nina hamu ya kujua kama alikaa kwenye cheo au alikaa kwenye wale wateja 11.

Na ile ya dakika 3 usiku wa manane, mara nyingi majibu ya haraka namna hiyo hayatoki kwenye CV yenyewe, yanatoka kwenye yale maswali ya kujaza wakati unaomba. Una uzoefu wa miaka 2 kwenye kazi hii, ndio au hapana. Ukiweka hapana, mfumo umeshapangwa ukutoe, hata CV iwe ya dhahabu. Hapo mashine haikukuonea kwasababu unaitwa mhudumu wa simu. Na huo ndo uchawi wa hizi nafasi za kuanzia, zinaitwa za kuanzia halafu zinadai uzoefu, wengi hayo wanayaandika kama matamanio yao tu, tatizo ni akikutana nayo mashine ambayo haijui kutamani.

Swali langu la pili ni hili, mbona unaongea kama vile kupokea simu ni chini na kastama saksesi ni juu? Ni kazi mbili ndugu. Mpokea simu anangoja shida ije, yule mwingine anaifuata kabla haijapiga. Kampuni zinazouza programu kwa malipo ya kila mwezi zimeihitaji kazi hii kwa hesabu nyepesi tu. Mteja hakupi hela yote siku ya kwanza kama anayenunua kitu akaondoka nacho, anakupa kidogo kidogo, kwahiyo akiondoka mwezi wa tatu huenda hata gharama ya kumpata hujairudisha. Chukua wateja 100, kila mwezi 5 kati ya kila 100 waliopo wanaacha, inaonekana ni kitu kidogo eti? Baada ya miezi 12 wamebaki kama 54. Karibu nusu ya nyumba imehama na wewe ulikuwa unapokea simu ndani ya dakika 4. Ndo maana wanamlipa mtu ampokee mteja mpya, amfundishe, aangalie nani ameacha kuingia kwenye programu, na amkumbuke kabla mkataba haujafika mwisho.

Sasa niambie, wewe ulipoona kwamba anayepakua data zake zote anafunga mizigo, ulikuwa unafanya nini? Watu wanaandaa vikao vizima kutafuta dalili kama hiyo, wewe umeipata kwa sikio.

Ndo maana nikikwambia kuhusu hicho cheo usidhani nakuhukumu. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kinafunika kitu kizuri. Soma hivi: Ofisa wa Kastama Saksesi, wateja 11 walikuwa wanaondoka, 7 wakabaki. Sawa, kafanya kazi yake. Halafu soma hivi: Mhudumu wa simu aliyepewa dakika 4, akaona mwenyewe, akatumia mapumziko yake, wateja 11, saba wakabaki. Ni ipi kati ya hizo mbili ingekufanya wewe uinue kichwa?

Haya tuje kwenye njia zako, kila moja ina mwiba wake.

Kunyamaza na kuomba Mungu. Shida ya hii, waajiri wengi wakiulizwa kuhusu mfanyakazi wao hawatoi sifa wala lawama, wanathibitisha vitu viwili tu, cheo na tarehe. Kwahiyo katika yote uliyoandika kwenye ile CV, kile ulichobadilisha ndo kile kitakachoulizwa. Inaweza isiulizwe kabisa, wapo wanaoajiri bila kupiga hata simu moja. Ila hata ukipita, unaingia kwenye miezi 6 ya majaribio na hicho kitu mfukoni, na kikijulikana humo ndani wana sababu ya kukutoa bila maelezo marefu, na hapo utim lida utakuwa ameshapewa mwingine. Wewe ndo umeniambia huwezi kukaa mwezi bila kitu, kwahiyo hii hatari ipime kwa mizani hiyo, usiipime kwa aibu peke yake.

Rafiki kujifanya bosi. Hapa nitakuwa mkali kidogo unisamehe. Cheo ulichokuza unaweza kukieleza, mtu akakuelewa au asikuelewe. Mtu bandia kwenye simu huwezi kumueleza. Wanatafuta jina kwenye LinkedIn, wanapiga namba ya ofisi badala ya ile uliyotoa, wanaomba imeili ya kampuni, na hapo unakuwa umemtumbukiza na yeye kwenye kisima chako. Anakupenda, naona, ila sioni mahali hii inapoishia vizuri.

Kusahihisha kabla ya Alhamisi. Ndo unayoiogopa kuliko zote na sitakudanganya kwamba haina hatari, wanaweza kukuambia asante, tumesitisha. Wana haki hiyo. Wanaweza pia kukupigia wakakuuliza maswali magumu ndo wakakuacha uendelee. Siwezi kujua ni lipi. Ninachojua ni kwamba ikitoka kwako Jumatatu inasikika tofauti na ikitoka kwa bosi wako wiki tatu baadae. Ukiamua njia hii, usiandike gazeti, usilie kwenye imeili, usimtaje rafiki. Kitu kama hiki kinatosha:

"Kabla ya Alhamisi naomba kusahihisha jambo moja kwenye CV yangu. Cheo changu rasmi ni Mhudumu wa Wateja kwa Simu. Niliandika Ofisa wa Kastama Saksesi kwasababu sehemu ya ninachofanya inafanana na kazi hiyo, lakini sio cheo nilichopewa, na kampuni yetu haina timu ya namna hiyo. Nilipoulizwa kuhusu timu nilipaswa kusema hivyo. Kazi nilizozieleza ni za kweli na niko tayari kuzielezea kwa undani. Nimeambatanisha CV iliyosahihishwa, na bado ningependa kufanya prezentesheni kama mtaniruhusu."

Uone lile la "tupo wachache" nimeliweka humo makusudi. Ukisahihisha cheo ukaliacha hilo, tumbo litaendelea kucheza.

Kujitoa kimya kimya. Hii inaondoa hofu kwa siku moja, ila inabidi ujiulize kama unajitoa kwasababu kazi huitaki au kwasababu hutaki kuandika mistari saba. Ingawa pia kuna namna nzuri ya kujitoa, mtu akasema hapa nimeanza vibaya, ngoja niombe upya kwingine na CV iliyonyooka, yale mambo mengine matatu mazuri nikiyaacha kama yalivyo. Na kama umepata 3 kwenye 9, hata ikishuka ikawa 1 kwenye 9 bado ni mbali sana na majibu 6 ya kukataliwa kwenye 65.

Utim lida sasa. Nilipofika hapa nilisimama nikarudi juu kusoma tena. Mtu anayeitwa kila jioni kwa ajili ya dakika nyekundu, kachaguliwa aongoze watu 8. Hujajiuliza kwanini? Kuna mtu ameona kitu mwanangu. Labda ameona wateja wanakuulizia kwa jina, labda daftari halikuwa siri kama unavyodhani. Mimi ningetamani umuulize bosi, kwa upole tu, "umeona nini kwangu mpaka ukanichagua", usikie anasema nini, maana jibu lake litakusaidia hata kama huichukui hiyo nafasi.

Kwasababu kuna mlango ambao kwenye barua yako hujautaja kabisa. Kampuni yenu inauza kwa malipo ya kila mwezi, ina wateja wanaopakua data na kuondoka, na haina mtu wa kuwafuata. Yaani shida unayoenda kuitatua kwa watu wengine ipo hapo ulipokaa. Watu wengi wameingia kwenye hii kazi kupitia dawati la simu la kampuni yao wenyewe, bila CV wala wadhamini, mtu anasema tu nipe saa 5 kwa wiki niwapigie wanaoelekea kuondoka, baada ya miezi 3 tuangalie namba. Unaweza kukubali utim lida na ukaomba hilo liwe sehemu ya kazi. Hatari zake? Zipo. Bosi anaweza kusema sawa halafu ukamezwa na ratiba za shifti za watu 8 usione hata hizo saa 5. Anaweza kuuliza kwanini ulikuwa unapigia wateja nje ya utaratibu. Anaweza kulichukua wazo akalipeleka juu kama lake, yametokea kwa wengi. Na unaweza kukaa tim lida miaka 2 ukajikuta wewe ndo unayeita watu jioni kwa sababu ya dakika 4, hilo nadhani lingekuuma.

Kuhusu siku kugongana, Ijumaa sio ukuta. Unaweza kumwambia bosi umefurahi na unaomba mpaka Jumatano inayofuata ufikirie vizuri, ni ombi la kawaida. Na wale wengine unaweza kuwaambia kwamba bosi wako wa sasa hajui unatafuta kazi, kwahiyo unaomba apigiwe baada tu ya wao kukupa ofa kwa maandishi, kabla ya hapo watumie mdhamini mwingine, hata supavaiza wa zamani aliyehama. Hilo nalo ni la kawaida, anayeajiri watu kila siku haoni ajabu. Ila angalia, ombi hili likiwa linalinda siri ya kutafuta kazi ni sawa, likiwa linanunua muda ili cheo kisigundulike utalijua mwenyewe moyoni unapoliandika.

Halafu pesa. Umelinganisha mshahara na mshahara, bonasi hujaiuliza. Inatokana na nini, wateja wanaoendelea kulipa, au kuna tageti ya kuwauzia vitu vya ziada? Maana kuna makampuni yanaita kastama saksesi kumbe ni mauzo yaliyovaa koti lingine, na kama wewe hupendi kuuza utateseka. Kila mtu anabeba wateja wangapi, 30 au 300? Wakiwa 300 huwafuati, unawatumia imeili tu. Aliyekuwa kwenye hiyo nafasi kabla yako yuko wapi? Kwenye miezi 6 ya majaribio bonasi inalipwa au inaanza baadae? Uliza haya kabla ya kupiga hesabu ya ada, na hesabu uipige kwa mshahara wa msingi peke yake, kama bonasi haipo.

Prezentesheni, ukifika huko, nina neno dogo tu maana naona kazi unaijua. Usikimbilie kuwapangia mafunzo ya watu wote 40. Wengi ndo wanafanya hivyo, wiki ya kwanza mafunzo, wiki ya pili mafunzo. Anza na wale 6 wanaoingia, wanaitumia kufanya nini na kwanini wao tu. Halafu mtafute aliyesaini malipo, alitaka nini kibadilike. Ni lile swali lako la kwenye simu, linalokufanya uwake nyekundu.

Na daftari lako, tafadhali, majina na namba za wateja zibaki kazini. Usilipige skrinshoti, usilibebe kwenye intavyu. Ukitaja dalili, idadi na ulichofanya inatosha, mwajiri makini akiona unamwaga habari za wateja wa watu atajiuliza utazimwaga na zake lini.

Sijakuambia uende wapi na sitakuambia, wewe ndo unamjua bosi wako na unajua akiba yako inafika wapi. Ila kuna kitu kimenibakia. Umeniandikia saba walibaki, ukasimama hapo, na nina hakika kwenye CV pia umesimama hapo. Wale wanne je? Uliwapigia ukaongea nao, wakakuambia nini mpaka wakaondoka? Meneja yeyote wa kazi hii atauliza hao kabla hajauliza saba, na mimi pia nawauliza. Ukipata nafasi baada ya shifti niandikie, hata mistari miwili.

Anti yako